Asumini na Mpokeaji Wake: Harufu ya Ua katika Uganga na Ushairi

Magoma ni kata ya Wilaya ya Korogwe, katika bonde la mto Lwengera, baina ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki. Upande mmoja wa bonde hilo ni milima yenye mila za Washambaa, na upande wa pili ni njia ishukayo Tanga na pwani. Mahali pa namna hii panafaa kuanzia swali ambalo usomaji wa mashairi ya Kiswahili aghalabu hulipita upesi, nalo ni hili: ua ni nini katika fikira za Waswahili? Jibu lililozoeleka ni kwamba ua ni mfano wa uzuri. Jibu hilo si la uongo, walakini ni pungufu, na upungufu wake umeingia katika ufafanuzi wa tenzi na katika fasili za kamusi.

Ushahidi wa kwanza umo katika milima yenyewe. Ua la Usambara lililopata sifa kuu duniani ni lile dogo la rangi ya urujuani ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao, na ambalo Hermann Wendland alilieleza kitaalamu mwaka 1893 na kulipa jina la Saintpaulia. Tangu 2015 wataalamu wa mimea wamelihesabu katika jenasi ya Streptocarpus. Saint Paul-Illaire huyo huyo alikuwa mjuzi wa Kiswahili, na kitabu chake cha kufundishia lugha hii kilipigwa chapa mwaka 1890. Hata hivyo ua lililochukua jina lake, ijapokuwa limejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, halikupata makao katika vikuba vya wanawake wa pwani wala katika beti za watungaji wao. Asumini, iliyotoka Asia, ilipata makao hayo yote mawili. Sababu iliyo karibu ni nyepesi kusema: ua la kwanza hupendeza macho lakini halinukii.

Neno hilo, kunukia, ndilo ufunguo wa jambo lote. Kitu kinachonuka hutoa harufu, na mara nyingi harufu mbaya. Kitu kinachonukia hutoa harufu nzuri. Kwa umbo lake, kunukia ni kauli ya kutendea ya kunuka, kama vile kupikia ilivyo ya kupika. Kwa hiyo umbo la neno lina nafasi ya mtu wa pili, yaani yule anayefikiwa na harufu. Yaweza kupingwa kwamba msemaji wa leo hafikiri habari ya kauli kila atajapo manukato, na pingamizi hilo ni la haki. Umbo la neno peke yake si hoja ya kutosha. Lakini desturi nazo zashuhudia vivyo hivyo.

Asumini hufunguka jioni. Hutungwa uzini ingali changa, ili ifumbuke nyweleni au kitandani usiku uingiapo. Kikuba hukusanya asumini, majani ya rehani, waridi, mkadi na kilua, nacho huvaliwa kwa ajili ya harufu kuliko sura yake. Katika nyumba ya arusi harufu hiyo humwendea mume. Katika uganga wa pepo humwendea asiyeonekana: ruhani, wanaosifiwa kwa kupenda usafi, nguo nyeupe, udi na marashi, hualikwa kwa manukato na chetezo kabla ya kuitwa kwa maneno. Kwa sababu hiyo wazee huwaonya wasichana na wajawazito wasitembee nje wakati wa magharibi wakiwa wamejitia maua na manukato, wasije wakapendwa na jini. Onyo hilo halisemi kwamba asumini ni mbaya. Lasema kwamba harufu haina mlango wala kufuli, na yeyote iliyemfikia aweza kujihesabu kuwa ndiye aliyealikwa.

Desturi ya msiba yakamilisha ushahidi huu. Mjane aliye katika eda huacha manukato na mapambo kwa miezi 4 na siku 10. Kama harufu ingekuwa pambo la nafsi tu, kuiacha kungekuwa dalili ya huzuni na basi. Lakini harufu ina mpokeaji, na mpokeaji wa halali ameondoka. Ndiyo maana kunyamaza kwa harufu kuna maana timamu. Maiti naye hutiwa kafuri na marashi, na mrehani hupandwa kaburini. Hapo harufu imeelekezwa tena, safari hii upande wa pili wa uhai.

Kwa mwanga huu utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa Lamu yapata mwaka 1858, hausomeki tena kama orodha ya mapambo. Mama, akiwa mgonjwa, amwusia binti yake mambo ya dini, ya adabu na ya ndoa. Na katika mambo ya ndoa ataja kuoga, kufunga nywele, marashi na dalia, na asumini za kutungwa na kutiwa kitandani. Hapa msomaji aweza kukosea kwa njia mbili. Aweza kudhani kwamba asumini imetajwa kwa ajili ya urembo wa ubeti, akaipita. Au, akiisha kusikia habari za pepo na limbwata, aweza kudhani kwamba mama afundisha uganga, akaupotosha utenzi wa mcha Mungu. Njia zote mbili zasahau mpokeaji. Mwana Kupona aielekeza harufu ndani ya nyumba, kwa mume. Mganga aielekeza kwa ruhani. Ua ni lile lile na nguvu inayoaminiwa ni ile ile, bali anayealikwa si yule yule. Katika tofauti hiyo ndimo yalimo maadili ya utenzi.

Walakini kanuni ya pwani haifai kupandishwa mlimani bila uchunguzi. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichotolewa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962, Mbegha aliyefukuzwa Ngulu kwa kuwa kigego ajulikana kwa dawa za mawindo, na nguvu za watawala wa ukoo wake zafungamana na mvua na vita. Dawa ya kufukiwa au ya kufungwa mwilini hufanya kazi mahali ilipowekwa. Harufu hufanya kazi kwa kusafiri. Basi mkusanyaji wa ngano aendaye Magoma, ambako mila za namna zote mbili zimekutana, na ambako mashamba ya mkonge yalivuta watu wa makabila mengi, asitosheke kuuliza ua fulani laitwaje na ni dawa ya nini. Aulize pia lanukia nani.

Swali hilo lawapasa watunga kamusi vile vile. Fasili isemayo kwamba asumini ni ua dogo jeupe lenye harufu nzuri ni sahihi kwa mtaalamu wa mimea, na maskini kwa msomaji wa utenzi. Maneno machache zaidi yangetosha: kwamba hutungwa jioni, kwamba ni ua la kikuba na la kitanda cha arusi, na kwamba huaminiwa kuwaita pepo. Wanawake watungao vikuba wanayajua hayo bila kitabu. Yasipoandikwa, msomaji wa kesho atabaki na rangi ya ua mkononi, na ubeti utamnukia mtu mwingine.