Popo wa Pemba: ulinzi ulioanzia malaloni

Mwaka 1989 watafiti waliofika Pemba walimwona popo mkubwa wa kisiwa hicho kwa nadra mno, na mwaka 1996 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Popo huyu haishi kokote duniani ila Pemba. Kufikia mwaka 2007 idadi yake ilikadiriwa kuwa takriban 22,000, na mwaka uliofuata daraja lake la hatari likashushwa. Wengi wanaposimulia mafanikio haya hutaja msitu wa hifadhi wa Ngezi. Ngezi una umuhimu wake, lakini naamini siri ya kazi hii iko katika kusoma tabia ya mnyama mwenyewe. Popo hawa hulala mchana kwa mamia, hata maelfu, wakining'inia kwenye miti michache ile ile, mara nyingi nje ya hifadhi: kwenye vichaka vya makaburi na miti mikubwa iliyosalia baada ya mikarafuu kumeza msitu wa asili. Mwindaji mwenye bunduki ya marisau aliweza kuangusha wengi kwa siku moja, na kwa kuwa jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, pengo hilo halizibiki upesi. Basi tabia hiyo hiyo inayomponza ndiyo inayorahisisha kumlinda: ukilinda malalo, umelinda kundi zima. Tangu miaka ya tisini, idara ya misitu na shirika la Fauna & Flora International walijenga kazi yao juu ya wanavijiji wanaoishi jirani na malalo. Vikaundwa vikundi vya mazingira, na kule Kidike wageni hulipa kiingilio kuwatazama popo. Askari wa misitu hawezi kushinda chini ya kila mti. Jirani wa mti yupo siku zote.

Wapo wanaosema ongezeko hilo limetokana na kutafuta kwa bidii zaidi, si kuzaliana. Kwa sehemu inawezekana. Lakini Pemba haifiki kilomita za mraba 1,000, na kundi la popo wenye mabawa ya mita moja na nusu, wenye kelele mchana kutwa, halifichiki kwa wenyeji. Hoja ya mkulima ni nzito zaidi, kwani popo hula maembe na shelisheli zake. Hasara hiyo ni ya kweli, na haifai kupuuzwa. Hata hivyo popo hupendelea tunda lililoiva, ilhali embe la kuuzwa huchumwa likiwa bado gumu. Na mbegu anazozitawanya usiku ndizo zinazouotesha msitu upya. Haki inadai kwamba fedha za wageni zimfikie pia mwenye shamba.

Kilichobaki dhaifu ni miti yenyewe. Kikundi kinaweza kumzuia mwindaji, lakini mti wa malalo ukikatwa kwa kuni au mbao, kundi hukosa pa kurudi. Masheha wenye malalo katika shehia zao wayaandikishe na kuyawekea mipaka kabla shoka halijafika.