Ufundi wa Kuwapambanisha Wanahistoria

Kati ya kazi zote ambazo mtihani wa Historia humtaka mwanafunzi azifanye, hakuna inayomkuza kiakili kuliko ile ya kupima maelezo ya wanahistoria wanaohitilafiana juu ya mapinduzi yaleyale. Kwa bahati mbaya, wengi huifanya kwa haraka, wakidhani kwamba mtazamo wa mwanahistoria ni jina la kupamba insha, ilhali mtazamo huo ni hoja, yaani jibu la swali la kwa nini jambo lilitokea, lililojengwa juu ya ushahidi maalumu na mtu aliyeishi katika zama zake. Elimu ya kuchunguza namna historia ilivyoandikwa, ambayo wataalamu huiita historiografia, huanzia hapo.

Mapinduzi ya Zanzibar yanaufaa ufundi huu vizuri sana. Tarehe 10 Desemba 1963 Uingereza ilikabidhi uhuru kwa serikali ya mseto ya vyama vya ZNP na ZPPP, Waziri Mkuu akiwa Muhammad Shamte na mkuu wa nchi akiwa Sultani Jamshid bin Abdullah. Tarehe 12 Januari 1964 vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilivamiwa, silaha zikatwaliwa, utawala ukaanguka, na Abeid Amani Karume wa chama cha ASP akawa rais. Nyuma ya matukio hayo kuna takwimu ambayo hurudiwa katika madaftari mengi: katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Mwanafunzi ambaye hajafunzwa huiandika takwimu hiyo kuwa sababu ya mapinduzi, kisha akaendelea na safari yake. Aliyefunzwa husimama hapo na kuuliza ina maana gani, na kwa nani.

Akiisoma kwa jicho la Michael Lofchie, mtaalamu Mmarekani wa sayansi ya siasa ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1965, ataona jamii iliyogawanyika kwa misingi ya asili za watu, ambamo kundi dogo la Waarabu wenye mamlaka lilitafuta kudumu kwa njia ya vyama na miungano ya uchaguzi. Akihamia kwa Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Kizanzibari aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika juu ya biashara ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, swali lenyewe linabadilika, kwa kuwa Sheriff hutanguliza tabaka, yaani nafasi ya mtu katika umiliki wa mali na katika kazi. Hapo wapiga kura huonekana kuwa wenye mashamba makubwa ya karafuu, wakulima wadogo, vibarua na wachukuzi wa bandarini, na ndipo inapoeleweka kwa nini Washirazi wengi wa Pemba, ambao walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, hawakuwa na hamu ileile ya ASP iliyokuwapo ng'ambo ya Mji Mkongwe. Kisha anakuja mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu cha 2011, akiuliza fikra zenyewe za ubaguzi zilitoka wapi, na kuonyesha kwamba haitoshi kumlaumu mkoloni pekee, kwani wasomi na waandishi wa magazeti wa visiwani wenyewe waliichochea lugha ya ubaguzi miaka mingi kabla ya ghasia za uchaguzi za Juni 1961.

Takwimu ni ileile. Kinachobadilika ni swali. Kulitambua hilo ndicho kiini cha ufundi huu, na mwanafunzi anayewapambanisha wanahistoria wawili juu ya ushahidi mmoja, akaeleza ni yupi anaushughulikia vizuri zaidi na kwa nini, amefanya kazi kubwa kuliko yule anayeorodhesha majina matano yasiyojibizana. Ni lazima pia atofautishe mwanahistoria na shahidi: kumbukumbu za John Okello, zilizochapishwa mwaka 1967, ni chanzo cha awali, maana yake ni maelezo ya mtu aliyeshiriki, naye alijiweka katikati ya kila tukio, ilhali Omar Mapuri, aliyeandika mwaka 1996 katika miaka ya kwanza ya kurejea kwa vyama vingi, aliyatetea mapinduzi, na Harith Ghassany, katika Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha 2010, alikusanya masimulizi ya mdomo na kuupa mkono wa Tanganyika uzito mkubwa.

Ufundi huu una thamani ya pekee Zanzibar, ambako wajukuu wa waliopindua na wajukuu wa waliopinduliwa huketi dawati moja, kila mmoja akiwa amesikia nyumbani masimulizi yasiyolingana na ya mwenzake. Kuwafundisha kuuliza nani aliandika, lini, kwa ushahidi gani na amenyamazia nini ni kuwapa namna ya kubishana bila kutukanana, na hakuna alama ya mtihani inayotosha kulipima hilo.

Basi walimu wa Historia na wawape wanafunzi kurasa chache za Lofchie na kurasa chache za Sheriff kabla ya kuwapa swali, na watungaji wa mitihani watunge maswali ambayo hayawezi kujibiwa na aliyesoma mmoja tu.