Jasusi, Mzimu na Sikio la Mtazamaji

Mwongozaji wa filamu Herk Harvey alikuwa njiani kurudi Kansas akitokea California alipoliona jengo la Saltair, kando ya Ziwa Kuu la Chumvi, Utah. Ulikuwa ukumbi wa starehe uliotelekezwa, jua likizama, hakuna mtu. Hadithi hakuwa nayo. Alipofika Lawrence, Kansas, alimwendea John Clifford, mwenzake kazini katika kampuni ya Centron iliyotengeneza filamu za mafunzo ya shule na viwanda, akamwomba aandike mswada. Sharti lilikuwa moja tu: mwishoni wafu wacheze dansi ndani ya ukumbi ule. Mengine yote aliachiwa Clifford.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Carnival of Souls, iliyotoka mwaka 1962 kwa gharama ya dola 33,000 hivi, ikiwa imepigwa picha kwa wiki kama tatu. Mwigizaji mkuu, Candace Hilligoss, aliletwa kutoka New York, lakini wengi wa waliobaki walikuwa watu wa Lawrence na mafundi wa Centron. Harvey mwenyewe alijipaka weupe usoni akawa mzimu. Mhusika mkuu, Mary, ni mpiga kinanda cha kanisani, na pale Lawrence kulikuwa na kiwanda cha vinanda hivyo, Reuter. Kamera ikaingia humo humo kiwandani.

Kuna sehemu moja ambayo yeyote anayetaka kutengeneza filamu fupi ya ujasusi na mizimu kwa vipaji vya mtaani anapaswa kuirudia hadi aikariri. Mary yuko dukani, anajaribu gauni. Ghafla picha inayumba kama uso wa maji uliotupiwa kijiwe, na sauti za dunia zinakatika. Anamsemesha muuzaji, muuzaji hamwoni. Anatoka nje: magari yanapita, watu wanapishana, midomo inacheza, lakini mji mzima umekuwa bubu. Anafika bustanini, anaegemea mti. Ndege analia. Mara sauti za dunia zinarudi zote kwa pamoja.

Hakuna jini aliyejitokeza wala moshi uliofuka. Kilichofanyika mezani kwa mhariri ni kuondoa, na kuondoa sauti hakuhitaji kukodi kitu. Mtazamaji ndiye anayemaliza kazi: sikio lake linatafuta kelele za mjini, linazikosa, na mwili unasisimka kabla akili haijaelewa kwa nini.

Sasa mfikirie shushushu. Tukimvua bastola na koti, kinachobaki ni mtu anayesikiliza: nyuma ya mlango, kwenye simu, kwenye meza ya jirani mgahawani. Msomaji wa Kiswahili anamfahamu vizuri, maana mtunzi wa riwaya Elvis Musiba alimpa Willy Gamba na Ben Mtobwa akampa Joram Kiango. Viumbe vya kutisha navyo si vigeni kwenye filamu zetu. Mwongozaji Mussa Banzi alituletea Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mahali rahisi pa kuwakutanisha wawili hawa ni masikioni. Jasusi ametega kinasa sauti katika nyumba iliyohamwa, na usiku anasikia watu wakizungumza humo. Hapo tayari kuna ujasusi na kuna mzimu, na hakuna hata taa moja ya ziada iliyowashwa.

Ugumu unaanza pale ambapo lazima kitu kionekane, na hapo mwalimu yuko karibu zaidi: Wakaliga, Kampala. Mwongozaji Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zake zilitoka kwa fundi wa mtaa huo huo, Dauda Bisaso, aliyeziunda kwa vyuma chakavu. Wapiganaji walikuwa vijana wa kung fu. Kwa majeraha walianza na damu ya ng'ombe, wakaiacha baada ya mwigizaji kuugua. Wakahamia rangi nyekundu ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu na kufungwa uzi wa kuvulia samaki. Uzi unavutwa, mpira unapasuka kifuani, shati linalowa.  Nabwana alimkuta Bisaso anajua vyuma, akampa vyuma.

Halafu kuna sauti ya VJ Emmie, msimulizi wa filamu hiyo. Anazungumza juu ya filamu nzima, anawachokoza wahusika, anawashangilia, anamwamsha mtazamaji. Ni ufundi ambao Dar es Salaam iliuzoea kwa msimulizi Lufufu na Kenya inaujua kwa DJ Afro. Pale picha inapochechemea, sauti inashika mkono. Nakala isiyo na maneno yake haipo tena: Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata.

Kwa filamu ya dakika kumi inayopigwa, tuseme, kwenye nyumba ya zamani ya mwambao, maana yake ni hii: fedha iende kwenye sauti kwanza. Mbali na simu inayopiga picha, ya pili ifichwe kifuani mwa mwigizaji, chini ya kola au kanga, inase maneno karibu na mdomo. Kabla ya kuondoka katika kila chumba, wote wanyamaze kwa dakika nzima, ule ukimya wa chumba urekodiwe. Mhariri ataufukia kwenye kila mkato ili masikio yasigutuke. Waigizaji waliozoea jukwaa hupaza sauti, lakini jasusi ananong'ona, na kunong'ona kunamsaidia hata kijana ambaye hajawahi kuigiza. Sauti ya mzimu apewe bibi anayejua kusimulia hadithi. Arekodiwe peke yake, usiku, bodaboda zikishatulia, mablanketi mazito yakiwa yametundikwa pande zote ili mwangwi usimfuate.

Jasusi amekaa kitandani, visikilizio masikioni, bibi anahesabu majina ya waliowahi kulala chumba kile. Anafika jina la mwisho. Jasusi anavivua visikilizio, anaviweka juu ya godoro, na bibi anaendelea kuhesabu.