Nusu Gramu Haifiki

Hapa Chato dhahabu ni habari ya mizani. Imetoka duarani, yaani shimo la machimbo, imepita karasha ya kusaga mawe, imechomwa, imefika soko la Geita, na swali ni moja: gramu ngapi? Ndiyo maana picha za majalada ya vitabu ya Paul Bonet, Mfaransa aliyezaliwa 1889, zilinisumbua. Yanawaka kama ziwa letu saa nane mchana, ungedhani yamemiminiwa dhahabu. Piga hesabu: jalada zima halibebi hata nusu gramu.

Siri ya kwanza ni nyundo. Dhahabu hupondwa hadi iwe utando wenye unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kwa unene huo, gramu moja hutanda karibu nusu mita ya mraba. Ukiupulizia unaruka, ukiugusa unabaki kidoleni.

Unashikaje ngozini, basi? Kwa yai. Mjalidi hulaza mchoro wa karatasi juu ya ngozi ya mbuzi, akaupitia mstari kwa mstari kwa chuma cha moto mpaka ngozi ibonyee. Huondoa karatasi, hupaka ute wa yai kwenye mabonyeo, hutandaza dhahabu, kisha hurudisha chuma kilekile palepale. Joto hugandisha ute, nao hushika dhahabu. Iliyobaki nje hufutwa na kukusanywa, maana hata Paris chenga hazitupwi. Joto likizidi, ngozi inaungua. Likipungua, dhahabu inabanduka. Kipimo ni sikio: chuma hugusishwa sifongo yenye maji, fundi akasikiliza kinavyochachatika.

Ujanja wa Bonet, kuanzia miaka ya 1930, ulikuwa kwenye nafasi. Alichora mistari mingi myembamba inayotawanyika kama miale. Inaposongamana jicho huona kilima, inapoachana huona bonde, ilhali ngozi ni bapa kabisa. Chuma kikiteleza nusu milimita, kilima kinabomoka, na kovu la moto halifutiki.

Lakini chuma hakikuwa mkononi mwa Bonet. Yeye alichora tu. Waliotia dhahabu ngozini walikuwa mafundi wengine, mmoja wao André Jeanne. Makaratasi ya minada ya vitabu hivyo humtaja Bonet kwa herufi kubwa. Kwetu pia mwenye duara hujulikana mji mzima, na anayeshinda chini na moko, patasi ya kuvunjia mwamba, ni “yule kijana”.