Saa ya Kiswahili katika Vipande vya Msimbo: Mfano wa Ratiba ya Kivuko
Vipande vya msimbo vinavyonakiliwa kutoka tovuti moja hadi nyingine hurahisisha kazi, lakini huhamisha pia mazoea ya lugha ya waliovitunga. Tuchukue kipande cha kuonyesha saa. Kikitumiwa katika ratiba ya kivuko kati ya Kisorya na Rugezi, kisiwani Ukerewe, kinaweza kuandika "saa 7:00 asubuhi". Maneno ni ya Kiswahili. Hesabu si yake. Msemaji huuita wakati huo saa 1 asubuhi, na saa 7 kwake ni mchana. Abiria akifuata tarakimu hiyo, atachelewa kwa saa 6. Marekebisho ni madogo: msimbo usogeze hesabu kwa saa 6, ili 19:00 isomeke saa 1 usiku. Kwa hiyo, tathmini ya ujanibishaji isiishie kwenye msamiati. Ipime pia kanuni zilizomo ndani ya msimbo.