Kiwanja Kwanza, Mabati Baadaye

Mapigano ya Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya, yamewakimbiza watu wa Kabambare, mashariki mwa Kongo, zaidi ya mara moja tangu 2017. Kama ilivyo kawaida huko, wakimbizi wa ndani wengi hawaishii kambini bali katika nyumba za watu: ndugu, jamaa wa ukoo, waumini wenzao. Wasiopata mwenyeji hulala madarasani, na asubuhi hutoka ili watoto wasome.

Msaada wa kwanza huwa turubai. La UNHCR lina mita 4 kwa 5. Kipimo cha Sphere, mwongozo wa misaada ya kibinadamu, ni mita 3.5 za mraba kwa mtu, kwa hiyo familia ya watu sita inahitaji sakafu ya mita 21 za mraba, na turubai likishakunjwa juu ya fito halifuniki hata hizo 20 zake. Jua nalo hulila mapema. Ni msaada wa dharura, si makazi.

Wafadhili wakitaka kwenda mbele huwaza mabati, kwa sababu mabati yanahesabika na yanapigwa picha vizuri. Lakini ukuta wa udongo kila mtu Kabambare anaujua. Kinachomshinda mgeni ni pahali pa kuusimamisha. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, kisha katika kifungu cha 389 ikaacha haki za wanavijiji zipangwe kwa amri ya Rais ambayo kwa miongo mingi haikutolewa. Ndani ya pengo hilo anayegawa kiwanja ni kapita, yaani mkuu wa kijiji, na wazee wa ukoo, kwa mdomo. Neno la mdomo hudumu mpaka mzee afe, au mpaka kiwanja kipande bei.

Basi kazi ya maana ni karatasi: mipaka iliyopimwa kwa hatua mbele ya majirani, muda wa kukaa, sahihi ya kapita, ya mwenye ardhi na ya ofisi ya sekta. Iandikwe pia kwamba mgeni akirudi kwao, kuta zinabaki kwa mwenye ardhi, mabati na mlango anaondoka navyo. Kipengele hicho kidogo huzima ugomvi mwingi. Jina la mke liwemo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Familia ya 2016 mke hahitaji tena idhini ya mume ili aingie mkataba; mume na mke wanatakiwa kukubaliana. Na familia iliyompokea mgeni nayo ipate fungu lake, walau mabati machache, maana imeshagawana naye sombe kwa miezi.

Baada ya hapo ujenzi hauna siri: msingi wa mawe ulioinuka, matofali mabichi, paa lililochomoza vya kutosha mvua isilambe ukuta. Siri iko kwenye kalenda. Matofali hukauka kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti hivi. Fedha zikifika Oktoba, tofali linayeyuka kwenye kalibu, na familia inasubiri mwaka mwingine kwenye baraza la watu.

Anayepanga mradi wa Kabambare aanze mazungumzo na makapita mwezi Machi, kabla hajanunua bati hata moja.