Hundi Mbili za Paa Moja

Hundi ya kwanza ilikuwa ya dola 5,500. Mkandarasi alikuwa ametaja karibu dola 19,000 kuezeka upya nyumba ile. Mwenye nyumba, mzaliwa wa Tanga anayeishi Houston, Texas, aliona kadhulumiwa mchana kweupe, na nusura airudishe. Hakuirudisha. Hadi dai linafungwa, kampuni ya bima ilikuwa imemlipa dola 12,900. Makaratasi yake ameniruhusu niyapitie, nami tarakimu nimezizungusha ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Ukiyasoma kwa utulivu unaona kwamba hundi ile ndogo ilitoka moja kwa moja kwenye vifungu vya mkataba aliotia saini mwenyewe, na kwamba vifungu hivyohivyo ndivyo vilivyoleta ya pili.

Paa liliharibiwa na Kimbunga Beryl, kilichotua pwani ya Texas, karibu na Matagorda, alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024. Kilikuwa cha daraja la 1. Eneo la Houston wateja zaidi ya milioni 2 walibaki bila umeme, wengine kwa siku kadhaa katikati ya joto la Julai. Katika hali hiyo watu wengi hawakuwa na habari na paa. Lilionekana zima.

Huku kwetu paa likipigwa na upepo halina mjadala: mabati yameezuliwa, unayafuata shambani kwa jirani. Paa la vigae vya lami, lililoenea kote Marekani, huumia kimyakimya. Kila kigae kina utepe wa gundi ambao jua huulainisha ukashikana na kigae kingine. Upepo mkali hubandua mshiko huo, hukiinua kigae, hukikunja, kisha hukiachia kirudi mahali pake. Ukisimama uani huoni kitu. Fundi akipanda na kukiinua kwa vidole anakuta mstari wa mkunjo kimekatika nusu, chembe za mawe zimepukutika kwenye mstari huo, na utepe umejaa vumbi, hauwezi kushika tena. Mvua itakayofuata inapita hapohapo.

Ndiyo maana picha za mwenye nyumba huyu zilikuwa na thamani kuliko maelezo yake. Alipiga kila upande wa paa kwa ukamilifu, kisha akampa fundi wake, yule mkandarasi, simu apige vigae vilivyoinuliwa, kimoja kimoja, na alama ya chaki pembeni. Akapiga doa la maji kwenye dari ya chumba cha watoto. Halafu akafunika sehemu inayovuja kwa turubai na kutunza risiti. Hilo la turubai ni sharti la mkataba: mwenye bima anatakiwa kuzuia hasara isiendelee, na gharama ya maana ya kufanya hivyo huingia kwenye dai. Kuezua paa zima kabla mkadiriaji hasara wa kampuni hajafika ni jambo jingine kabisa. Ukishatupa vigae umetupa ushahidi.

Mkadiriaji hasara alipofika aliweka ngazi, akapima kila upande, akaanza kuhesabu vigae vilivyokunjika. Upande uliopokea upepo ulikuwa na vingi, upande wa pili vichache, na mwanzoni alielekea kuandika upande mmoja tu ubadilishwe, kwingine kuwekwe viraka. Hapo ndipo dai zima lilipogeuka, na dakika chache za juu ya paa zilizidi uzito barua zote zilizofuata.

Fundi alikuwepo. Alimwomba mkadiriaji waende kwenye kigae kimoja kilichokunjika upande ule wa nyuma, akaanza kukitoa kama anavyotoa mtu anayeweka kiraka. Kukitoa kigae kimoja lazima uinue vile vya juu yake, maana misumari imefichwa chini yake. Alipoinua cha kwanza kilipasuka. Cha pili nacho kikapasuka. Vigae vyenye miaka 10 chini ya jua la Texas vilikuwa vimekauka kiasi kwamba kila kiraka kingezaa viraka vingine. Mkadiriaji alipiga picha, akaandika kwamba paa halirekebishiki, libadilishwe lote. Hakuna aliyepandisha sauti.

Tahadhari moja hapa. Sheria ya Texas hairuhusu mkandarasi anayeezeka nyumba ajadiliane na kampuni ya bima kwa niaba ya mwenye nyumba hiyohiyo. Anaruhusiwa kueleza vipimo, bei zake na sababu za kiufundi. Mstari kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba, na fundi huyu aliufahamu: alionyesha kigae, akanyamaza.

Sasa hesabu. Makadirio ya kampuni yalitoka kurasa kadhaa, mstari kwa mstari, kwa kipimo cha mafundi wa paa wa Marekani kiitwacho skwea, yaani eneo la futi 10 kwa 10. Gharama ya kuezeka upya ilifika dola 17,000. Kati ya hizo, dola 13,750 zilikuwa za vigae vyenyewe na kuvipachika, na dola 3,250 za kung'oa, kuzoa taka na mengineyo. Vigae vilipewa umri wa miaka 25. Vilikuwa vimetumika 10, kwa hiyo uchakavu wake ni asilimia 40, dola 5,500. Toa hizo, inabaki 11,500. Toa tena makato, yaani sehemu ya hasara anayoibeba mwenye nyumba mwenyewe, dola 6,000. Inabaki 5,500, ndiyo hundi.

Makato hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi. Mkataba ulisema asilimia 2 kwa hasara ya upepo na mvua ya mawe, naye siku zote alidhani ni asilimia 2 ya hasara, yaani dola 340. Sivyo. Ni asilimia 2 ya kiasi ambacho nyumba imekatiwa bima, na nyumba yake ilikatiwa dola 300,000. Kila mwaka thamani hiyo inapopandishwa, makato nayo hupanda, hata kama paa ni lilelile. Kwa maoni yangu huu ndio mstari ghali kuliko yote kwenye bima ya nyumba ya Texas, na huandikwa ukurasa wa mwanzo kwa herufi za kawaida tu, bila onyo lolote.

Uchakavu ni habari nyingine, kwa sababu unaweza kurudi. Mkataba wake ulikuwa wa kulipa gharama ya kubadilisha kwa kipya. Chini ya mkataba wa namna hiyo kampuni hutanguliza thamani ya paa lilivyochakaa, ikazuia uchakavu hadi kazi ifanyike na ankara iletwe. Sababu yake inaeleweka: hawataki mtu apokee fedha za paa jipya kisha abaki na la zamani. Mikataba mingine, hasa kwa mapaa yaliyozeeka, ina kiambatisho kinacholipa thamani iliyochakaa peke yake. Mwenye kiambatisho hicho hundi yake ya kwanza ndiyo ya mwisho, na kelele hazitaibadilisha. Kwa hiyo kabla ya kugombana na mtu yeyote, tafuta neno moja kwenye barua ya malipo: je, uchakavu uliozuiwa unarudishwa au haurudishwi? Wake ulirudishwa, ilimradi kazi ikamilike ndani ya muda uliowekwa.

Kilichobaki ni mistari iliyosahaulika. Fundi alilinganisha makadirio ya kampuni na kazi halisi, akakuta hayamo bati la ukingo, safu ya vigae vya kuanzia, mabati ya kuziba maungio ya paa na ukuta, na plaiwudi zilizooza chini ya sehemu iliyovuja, ambazo zilionekana vigae vilipong'olewa. Hakuandika barua ya malalamiko. Aliorodhesha kila kitu na kipimo chake na picha yake, na kwa bati la ukingo akataja kanuni ya ujenzi inayolidai. Gharama za kanuni hulipwa pale tu bima ina kipengele chake. Yake ilikuwa nacho. Dola 1,900 zikaongezwa. Gharama nzima ikawa 18,900, toa makato 6,000, kampuni inadaiwa 12,900. Ilishalipa 5,500. Hundi ya pili: dola 7,400.

Dola 6,000 zilizobaki alilipa mwenyewe, na hapa nina neno. Baada ya kila dhoruba mitaa hujaa wauza mapaa wanaogonga milango wakiahidi kwamba makato "tutayamaliza sisi". Tangu Septemba 2019 jambo hilo ni kosa la jinai Texas, na kampuni ya bima inaruhusiwa kudai uthibitisho kwamba mwenye nyumba amelipa makato kabla ya kuachia uchakavu uliozuiwa. Anayepokea ahadi ile anajiwekea kizuizi kwenye hundi yake ya pili. Mkandarasi naye hafidii dola 6,000 kutoka hewani: ama atapunguza kazi, ama atajaza ankara uongo wenye jina lako juu yake.

Hundi zote mbili ziliandikwa kwa majina mawili, la mwenye nyumba na la benki yenye mkopo wa nyumba. Hilo huwashtua wengi, lakini nyumba ni dhamana ya benki, na benki inataka kuona paa limerudi. Unawapelekea, wanasaini au wanaziweka kwao na kuziachia kwa awamu. Wiki kadhaa hupotelea hapo, na fundi inabidi aelezwe mapema.

Kwa upande wa kampuni, sheria ya Texas inaiwekea saa. Ina siku 15 kukiri imepokea dai na kuanza kulichunguza. Ikishapata kila ilichoomba, ina siku 15 za kazi kukubali au kukataa, na ikikubali, siku 5 za kazi kulipa. Baada ya maafa makubwa mamlaka ya bima ya jimbo inaweza kuongeza siku. Mwenye nyumba huyu alihifadhi tarehe ya kila barua na kila simu, na mara moja tu ilibidi awakumbushe. Kama wangeshindwana kabisa juu ya kiasi, mkataba ulikuwa na njia ya kila upande kuteua mthamini na wathamini hao kuteua mwamuzi. Angeweza pia kuajiri mkadiriaji wake mwenyewe, ambaye Texas haimruhusu kuchukua zaidi ya asilimia 10 ya fidia. Kwa dai la ukubwa huu, ambalo ubishi wake ulikuwa wa mistari minne, sioni kama ingelipa.

Paa jipya amelichagua la vigae vya daraja la 4, vilivyojaribiwa kuhimili mapigo ya mvua ya mawe. Kampuni nyingi za Texas hupunguza ada ya bima kwa paa la namna hiyo, mkandarasi akijaza fomu ya jimbo inayothibitisha aina ya vigae. Punguzo hilo wakati mwingine huja na kiambatisho kinachoondoa fidia kwa madhara ya sura tu, yale yanayolichafua paa bila kulivujisha. Alipopelekewa kiambatisho hicho aliuliza punguzo ni dola ngapi kwa mwaka kabla ya kusaini.